Mtoto Juu ya Ngamia wa Makumbusho

Mkeka wa nyasi ukilowa mvua hutoa harufu ya moshi, maziwa na jasho la ngamia kwa pamoja. Juzi niliinusa sokoni Garissa, nikasimama katikati ya njia na mifuko yangu mpaka mwenye mkokoteni akanipigia kelele. Hasira ilinipanda, wala si kwa ajili yake.

Ayeeyo, bibi yangu mzaa mama, alikuwa na nyumba ya kuhama: fito zilizopindwa na mikeka aliyosukiwa na mama yake alipoolewa. Kwetu nyumba ile ni mali ya mwanamke, na mume mkorofi hulala nje. Ukame ulipomaliza mifugo tukahamia mtaa wa Waberi mjini Garissa, kwenye nyumba ya mabati, na mikeka ikalundikwa uani ikiliwa na mchwa. Jambo hilo lilimuuma kuliko goti lake bovu.

Ndipo akaja msimamizi wa jumba la makumbusho la binafsi, ambalo sasa limefungwa, kijana mwenye maneno matamu. Alitaka igizo la wafugaji wakihama wakati wa ukame, ili wanafunzi na wageni waione historia ikitembea. Angeihifadhi mikeka mahali pakavu, mradi Ayeeyo aigize. Na juu ya ngamia, kati ya fito za nyumba iliyopakiwa, akae mtoto.

"Mtoto habana," Ayeeyo alisema kwa ulimi wake usiojua herufi p. "Mimi nabanga mizigo, natembeza ngamia. Mtoto habana."

"Mama, wageni wanapenda mtoto."

Ayeeyo aliitazama mikeka yake, akakubali. Nikapandishwa mimi mjukuu wake, msichana wa darasa la pili, nimevimba kichwa kama mke wa chifu.

Siku ya kwanza tulizunguka uwanja hadi kwenye kisima cha saruji kisicho na maji. Hapo alitakiwa kunishusha. Hakunishusha. Alisimama ameshika kamba, kisha akaita, "Habiba! Habiba, soo deg!" Shuka. Mimi si Habiba. Nilidhani ni jina la kwenye igizo, nikaitika "Haa, hooyo!" kama binti anavyomwitikia mama yake, nikajitupa mikononi mwake nikicheka. Watu wakapiga makofi. Ayeeyo alinipapasa uso, miguu, vidole, huku machozi yakimtoka.

"Hapo hapo, mama!" msimamizi akasema. "Kesho rudia vilevile."

Akarudia likizo nzima. Nilishangaa, maana yule aliyekataa ndiye sasa aliyeniamsha alfajiri, akanipaka mafuta na kunihimiza tusichelewe.

Shule zilipofunguliwa, msimamizi hakutaka kuningoja hadi Jumamosi. Alifunga mwanasesere wa matambara juu ya ngamia. Mama alikuwepo siku hiyo. Ayeeyo aliita, akaita tena, kisha akamshusha yule mwanasesere, akamlaza mchangani na kumfunika kwa mtandio wake. Wageni walipiga makofi kuliko siku zote. Alirudi Waberi kwa miguu, na hakwenda tena. Msimamizi akasema amevunja makubaliano, akaizuia mikeka. Wajomba walimlaumu Ayeeyo kwa ukaidi. Mimi nililia kwa kumkosa ngamia.

Ayeeyo alipofariki ndipo Mama aliponieleza. Habiba alikuwa dada mkubwa wa Mama. Katika ukame mmoja, wakihama kuelekea mtoni upande wa Balambala, alishindwa kutembea, akafungwa kati ya fito juu ya ngamia. Walipofika majini, Ayeeyo alimwita ashuke. Hakuitika.

Likizo ile nilijiona mwigizaji hodari. Kumbe kila siku mwanamke yule alikuwa akifika majini na kumkuta mtoto wake yu hai, mpaka kijana wa watu, kwa kuona uvivu kungoja Jumamosi, alipompa maiti kwa mara ya pili.