Koja la Waziri

Harufu ya asumini ikinipata popote, hunirudisha kwenye ngazi za jengo letu la Fereej Bin Mahmoud, mjini Doha, nilikokulia mtoto pekee wa dereva aliyefanya kazi usiku na kulala mchana. Mliolelewa katika nyumba ya namna hiyo mnaijua: unanyata kwa vidole, televisheni haina sauti, na mwenzako wa kuzungumza naye ni kiyoyozi. Nje jua halikuwa na mchezo. Basi nilicheza kwenye ngazi, peke yangu, mpaka Sarita alipohamia ghorofa ya juu.

Sarita alikuwa Mnepali, rika langu, mtoto wa nesi. Baba yake, alisema, alikuwa mwanasiasa mkubwa. Sikumwamini. Kila mtoto wa Doha ambaye baba yake yuko mbali alimpa cheo. Lakini Sarita alikuwa na hadithi, na alizitoa kidogo kidogo kama mtu anayegawa halua ya mwisho. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya milimani, akafungwa kwa maneno yake. Alipotoka, vita vikaanza, akajificha msituni, Sarita akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama akaja huku kutafuta riziki, na baadaye akamleta mtoto. Vita vikaisha, mfalme wao akaondoka, baba akaingia bungeni. Sarita alimjua kwa simu tu, na simu yenyewe ilikatika kila mara. Nami, ambaye baba yangu alikoroma nyuma ya ukuta, nilimwonea wivu.

Siku moja alishuka ngazi mbio, pumzi juu. Baba yake amekuwa waziri, na anakuja Doha kuwaona wafanyakazi wa kwao. Ijumaa atapokewa ukumbini, na watu watapanga foleni wamvishe makoja ya maua, ndiyo heshima yao.

"Na mimi nitapanga," aliniambia. "Lakini sitataja jina langu. Nataka anijue mwenyewe."

Mama yangu ni mzaliwa wa Unguja. Aliposikia neno koja, hakutaka kusikia habari ya kununua la dukani. "Hilo niachieni mimi!" Alinunua asumini kwa Mhindi wa maua, akatunga jioni nzima, akalifunga koja kwenye kitambaa chenye unyevu na kuliweka kwenye friji. Maziwa yetu yalinukia harusi.

"Damu nzito kuliko maji," alisema, akikata uzi kwa meno. "Atamjua tu."

Mama yake Sarita hakuja. Alisema yuko zamu. Baba alikatisha usingizi wake akatupeleka, mimi, mama na Sarita, akatushusha mlangoni. Hapakuwa na pa kuegesha, kwa hiyo yeye akabaki kwenye gari.

Ukumbi ulijaa wanaume waliovaa mashati yaliyopigwa pasi, na kila mmoja alishika koja la maua ya rangi ya chungwa. Waziri alikuwa mwembamba, kinyume na mawaziri wote niliowahi kuwaona kwenye televisheni. Aliinamisha kichwa, akavishwa, akaunganisha viganja, akatabasamu, na papo hapo akalivua koja na kumpa kijana aliyesimama nyuma yake. Asingefanya hivyo angezikwa na maua. Alifanya yote kwa mwendo mmoja, kama mama anayemenya viazi huku akiwaza mengine.

Zamu ya Sarita ilipofika, alisimama kwa vidole. Waziri akainama, akainama sana, kwa kuwa Sarita alikuwa mfupi. Koja likaingia. Viganja, tabasamu. Nilimtazama macho: yalikuwa yameshafika kwa mtu wa nyuma yetu. Koja jeupe likapokewa na yule kijana, likawekwa juu ya yale mengine. Sarita alibaki pale pale mpaka mama alipomshika bega.

 Tukiwa garini, karibu kufika nyumbani, Sarita akasema, "Anko, baba yangu ameinama. Kwangu ameinama kuliko kwa wote."

Nilifungua mdomo nimwambie ni kwa sababu ya ufupi wake. Mama akanifinya paja.

Baba alimtazama kwenye kioo. "Ndiyo," akasema. "Hata mimi nimeona. Kwako ameinama sana."

Ameona wapi? Muda wote alikuwa kwenye gari! Nilichukia. Baba huyo huyo aliyenifundisha kwamba uongo ni dhambi! Nilinuna mpaka kesho yake.

Haukupita muda mrefu, Sarita na mama yake wakahamia Al Wakrah, nami nikarudi kwenye ngazi zangu. Nasikia waziri alianguka na serikali yake, akarudi, akaanguka tena. Nilipokua ndipo mama aliponiambia kwamba yule nesi aliiomba mwenyewe zamu ya Ijumaa ile. Alijua atakachokiona. Nilikuwa nikidhani mwenye baba ni yule ambaye baba yake ana jina. Sikujua kwamba siku ile, katika gari lile, baba yangu alikuwa na watoto wawili.

Sasa baba amezeeka, halali usiku wala mchana. Juzi nilimuuliza kama anaikumbuka siku ile ya ukumbini.

"Yule waziri?" akasema, bila hata kutabasamu. "Namkumbuka. Aliinama sana."