Siku Niliyoijibu Mashine kwa Herufi I

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, daftari na amri ya kutogusa kitu. Nilikuwa nimeajiriwa kuingiza kanda za kuhifadhia data kwenye kisomeo chake, katika kituo cha pili cha kompyuta cha kampuni ya bima, hapa Gisenyi. Kituo cha kwanza kilikuwa Kigali. Mashine yetu ilikuwa kompyuta kuu, ile inayohudumia mamia ya watu kwa wakati mmoja, na kwa macho ilifanana na makabati mawili meusi ya nguo.

Mkuu wa Chumba cha Mashine, mzee aliyerudi nchini kutoka Bukavu, alinipima kwa macho.

"We ndo mutu wa kanda?"

"Ndiyo, Chef."

"Bon. Leo utaangalia tu. Mashine ikiamuka, inaongea. Kila kitu inasema, andika."

"Na nisipoelewa?"

"Andika na ile hauelewi."

Niliandika kurasa nne na sikuelewa hata moja. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Sikusoma chuo. Nilimaliza sekondari Tanzania kabla wazazi wangu hawajarudi Nyakiriba, huku Rwanda, kulima viazi. Ufundi niliupata kwenye vitabu vya mashine, vya Kiingereza, kurasa mbili kila siku na kamusi kando. Ilinichukua miaka miwili kujua zile kurasa nne zilisema nini. Nitawaeleza vijana kwa ufupi, kwa sababu jambo lililonipata baadaye halieleweki bila hilo.

Mfumo endeshi unapoamka, kiini chake husoma orodha ya vigezo tuliyoiandika sisi. Ndani ya orodha hiyo kuna mstari kwa kila mfumo halisi wa faili, yaani programu inayojua jinsi ya kuweka faili kwenye diski na kuzitoa. Tulikuwa nayo kadhaa: mmoja wa faili za mfumo wenyewe, mwingine wa faili za muda, mwingine wa hati za wateja. Mstari hutaja aina ya mfumo na jina la programu ya kuuanzisha. Kiini huipakia programu hiyo, huiita, kisha husubiri. Programu hujiandaa, hutenga kumbukumbu yake, na mwishowe hukikabidhi kiini jedwali la anwani za huduma zake: ya kufungua iko hapa, ya kusoma pale, ya kuandika kule. Kisha hutoa ishara kwamba iko tayari.

Baada ya mifumo yote kuitika ndipo kiini hubandika faili. Kwanza shina, yaani hazina ya msingi inayobeba nyingine zote, kisha matawi. Kubandika ni kuchukua hazina nzima ya faili na kuiweka juu ya saraka, yaani droo ya faili, iliyo tupu na iliyoandaliwa kuipokea. Zingatieni neno "juu ya".

Mfumo mmoja ukishindwa kuanza, mashine humuuliza mwendeshaji swali lenye majibu mawili tu. R, anzisha tena. I, puuza, tuendelee bila huyo.

Nilikuwa nimeshapanda kutoka mtu wa kanda hadi mwendeshaji, na yule mzee alikuwa amestaafu, swali hilo liliponijia asubuhi moja ya Jumatatu. Mfumo wa hati za wateja ulikuwa umeomba kumbukumbu kubwa kuliko tuliyokuwa nayo, kwa sababu ya kigezo tulichokibadilisha Jumamosi. Nyuma yangu alisimama Mkurugenzi wa Ufundi, mgeni kwetu, mwenye haraka.

"Weka I," alisema. "Watu iko kwa mulango tangu saa kumi na mbili."

"Tukirekebisha kigezo kwanza, Mkurugenzi, ni nusu saa."

"Nusu saa! Unataka nitoke niwaimbie? Weka I, tutatengeneza mangaribi."

Niliweka I. Mashine iliamka vizuri, kila taa ya kijani. Nikaandika kwenye daftari: nimejibu I.

Dirisha letu la wateja lilikuwa karibu na Grande Barrière, kizuizi cha mpakani cha kuvukia Goma, na karani wake alikuwa Mama Furaha, mzaliwa wa Goma. Alipokea maelezo ya ajali kutoka kwa madereva, akayapiga picha na kuyaingiza kwenye mashine, kisha akawarudishia karatasi zao, nao wakavuka kwenda zao. Siku hiyo alilalamika kwamba hati za zamani hazionekani. Akaambiwa avumilie, tunatengeneza. Jioni tulirekebisha kigezo, tukaanzisha mashine upya, na safari hii mifumo yote iliitika.

Jumanne asubuhi hati za zamani zilikuwa zimerudi. Za Jumatatu hazikuwepo hata moja.

Mkurugenzi alimwita Mama Furaha mbele yetu sote.

"Mama, jana mushana yote ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unauza samaki ya sambaza?"

"Niliingiza zote, Monsieur le Directeur. Makumi tatu na mbili. Nilizihesabu."

"Donc ziko wapi? Zilifwata wenye karatasi Goma?"

Wengine walicheka. Mama Furaha hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na minne kwenye dirisha lile. Mkurugenzi akasema saa kumi jioni atapewa barua ya kusimamishwa kazi, na akaingia ofisini kuiandika.

Nilirudi kwenye kiti changu nikafungua daftari. Sikuwa na akili ya haraka, lakini nilikuwa na mazoea ya kufuata hatua. Jumatatu mfumo wa hati haukuanza. Kwa hiyo hazina ya hati haikubandikwa. Kwa hiyo saraka yake ilibaki wazi, tupu, sehemu ya shina. Mama Furaha aliandika ndani ya saraka hiyo, na mashine ilimpokea bila kunung'unika. Jioni tukabandika hazina juu yake.

Nikagonga mlango wa Mkurugenzi.

"Kosa si la mama. Ni langu."

"Ulifuta?"

"Sikufuta. Nilipuuza. Naomba dakika kumi nibandue hazina ya hati. Za jana ziko chini yake."

"Sasa hivi, mushana? Na ikikataa kurudi?"

"Basi barua hiyo iandike kwa jina langu."

Aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. "Dakika kumi. Si kumi na moja."

Mama Furaha alisimama nyuma ya kiti changu, mkoba begani, kama mtu ambaye ameshaaga. Niliandika amri ya kubandua, nikasubiri, kisha nikaiomba mashine ioneshe kilichomo kwenye saraka. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini. Alihesabu kwa sauti mpaka thelathini na mbili. Nikazinakili pembeni, nikabandika hazina tena, nikazihamishia ndani yake. Dakika saba.

"Kumbe zilikuwa zimejificha," Mkurugenzi alisema.

"Hazikujificha, Monsieur," Mama Furaha alimjibu. "Zilikaa pale niliziweka."

Mkurugenzi aliichana barua, na kwa heshima yake niseme kwamba alimwomba msamaha mbele ya wale wale waliocheka. Hakusema nani aliniamuru niweke I. Nami sikusema. Vidole vilikuwa vyangu.

Wiki hiyo niliandika kanuni ya mstari mmoja nikaibandika pembeni mwa skrini: hakuna kujibu I mpaka saraka iliyobaki wazi ifungwe isiandikwe, na watu wawili watie saini. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa msimamizi wa mfumo, ukaguzi kutoka Kigali uliikuta pale na kuichukua ikatumike katika vituo vyote viwili. Sina cheti cha chuo ukutani. Nina nakala ya kanuni hiyo.

Mashine ilizimwa kabisa mwaka niliostaafu, kazi yake ikahamishiwa kwingine. Asubuhi ya mwisho niliianzisha mwenyewe na kusoma majina ya mifumo kwa sauti, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita darasa. Wote waliitika.

Mama Furaha alifanya kazi pale dirishani mpaka akastaafu kwa hiari yake. Tukikutana kwenye njia ya ziwani hunizuia kwa mwavuli wake.

"We, mutu wa kanda! Leo umejibu nini?"

"R, mama."

"Basi pita."