Siku Siafu Waliponifundisha Ualimu

Jamani, hili la siafu nilikuwaga sitaki kabisa kulitaja mbele za watu, maana mie, mwalimu mzima wa chekechea hapa Temeke, nilijivua heshima mchana kweupe, tena mbele ya mkaguzi wa elimu.

Enzi za Ujamaa hizo. Darasani nilikuwa na Selemani, mtoto wa miaka mitano, kiziwi, na mwalimu mkuu alishaniambia mkaguzi akimkuta amekaa tu, basi anarudishwa nyumbani. Mama yake kila mchana ananiuliza, "Mwalimu, leo kaweza?" Namjibu mwanao mzito, mama, huku naangalia pembeni.

Siku ya ukaguzi nikawatoa watoto uani, nikaona siafu wanapita chini ya ukuta, nikasema aah, wanapita zao hawa, nikasimama palepale penye kivuli (jua la siku ile halikuwa na utu) nikaanza kuwaimbisha. Ubeti wa pili haujaisha, siafu mmoja kaning'ata pajani. Nikaruka, nikajipiga kofi kiunoni, nikazunguka nimekamata gauni, na watoto wakadhani ndio wimbo wenyewe, nao wakaruka, wakajipiga makofi, wakazunguka. Na Selemani, ambaye mwaka mzima hajanyanyua hata mkono, anaruka kuliko wote.

Mkaguzi akatoa kalamu. "Ndugu Mwalimu, mbinu hii inaitwaje?"

Badala ya kusema siafu, nikasema, "Kufundisha kwa viungo vya mwili, Ndugu."

Basi nikaitwa nikawaonyeshe walimu wa wilaya nzima. Nikasimama mbele yao na Selemani, nikaruka, nikajipiga makofi, mama mtu mzima, mpaka mwalimu mmoja wa makamo akauliza, "Mwanangu, umeingiwa na siafu?" Watu wakavunjika mbavu, na mie nikakiri yote.

Mkaguzi, naye alikuwepo, hakucheka. "Kabla ya siafu, ulikuwa unamfundishaje mtoto huyu?"

"Nasema huku naandika ubaoni."

"Umempa mgongo?"

Mwaka mzima, mtoto asiyesikia nampa mgongo, halafu mzito ni yeye. Nilitamani ardhi inimeze, na aibu ile haikuwa ya siafu tena.

Selemani alibaki darasani. Mie tangu siku ile ubao nikawa nauandika kabla watoto hawajaingia, na sifungui mdomo mpaka nimwone ananitazama.