Ukosi wa Begum Mahtab

Dobi anajua aibu ya kila nyumba, na Sukhai alizijua zetu zote. Miaka arobaini alifua nguo za mtaa wetu wa Chowk, hapa Lakhnau, na hakuwahi kupoteza hata leso. Kila nyumba ilikuwa na alama yake, aliyoichora ndani ya ukosi kwa wino wa kokwa, wino usiotoka hata nguo ikichakaa. Majina yetu aliyasahau, sura alizichanganya. Lakini mwonyeshe ukosi, atakutajia nyumba, na nani humo ndani anayetoka jasho kupita wenzake.

Walikuwa wakifua wawili, yeye na dada yake Dulari, mjane, aliyemzidi miaka mitano, kwenye mawe ya ukingo wa mto Gomti. Kisha wakubwa wakaamua ukingo uwe bustani. Mawe yaling'olewa kwa siku moja, yakaja maua, taa, na kibao cha kukataza kufua. Mimi nauza vifungo, na duka langu lilikuwa limekatwa nusu barabara ilipopanuliwa, kwa hiyo sikuwa na machozi ya kumwazima mtu. Sukhai akanunua mashine. Dulari aliitazama ikizunguka, akabetua mdomo.

"Hiyo inasukutua tu. Haifui."

"Basi kafue mbinguni, dada."

"Nitakwenda kwa shemeji zangu kijijini. Huko maji hayajawekewa kibao."

Akaondoka na kifurushi chake. Huo ulikuwa mwaka juzi. Sukhai hakumfuata, na kila nilipomuuliza alijibu kwamba dada yake ana miguu, akitaka atarudi. Walifanana kwa ukaidi, wale wawili.

Jumatatu moja asubuhi akaja askari Dubey na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kanzu fupi nyeupe ya darizi na suruali yake, vazi la mwanamke. Mwenyewe, mtu mzima, aligongwa na gari akafa Ijumaa jioni kwenye barabara mpya ya juu, ile iliyojengwa bila pa kuvukia mtu wa miguu. Uso ulikuwa hautambuliki. Hakuwa na bangili wala kitambulisho, na hakuna aliyekuja kumuulizia.

"Muda wake wa kukaa hospitali unaisha leo adhuhuri," alisema Dubey. "Mimi nataka neno moja tu, mzee. Ni Mwislamu azikwe, au Mhindu achomwe? Nikikosea hapo, mji huu utaniwakia mimi."

Sukhai akageuza ukosi. Mstari mmoja, nukta tatu. Akaketi kwenye ngazi ya duka langu.

"Nyumba ya Begum Mahtab," alisema. "Mwanamke mtu mzima humo ni yeye tu. Ni Waislamu. Azikwe."

"Isije ikawa kuna mtu kagawiwa nguo."

"Nguo ya mteja wangu haivaliwi na mwingine, afande. Na Begum yule hagawi. Anatia kiraka juu ya kiraka."

Dubey akawapigia simu watu wa hisani wanaozika maiti wasio na wenyewe. Sukhai alikuwa analia waziwazi. Begum alimtumia tambi za maziwa kila Idi, alisema, na watoto wake lazima wajue kabla mama yao hajafukiwa. Namba ya simu aliyokuwa nayo haikupatikana. Nyumba yao ilivunjwa pamoja na nusu ya duka langu, wakahamia kwenye maghorofa mapya ng'ambo ya mto. Tukachukua bajaji, mimi na yeye.

Sijui niseme nini juu ya mahali pale. Maghorofa kumi na manne, yote sura moja, yamepewa majina ya maua yasiyoota kwetu. Nilizaliwa katika mji huu na nilisimama getini kama mgeni aliyeshuka stesheni.

"Begum nani? Nyumba namba ngapi?" aliuliza mlinzi.

"Yule mwenye mtoto mwenye makengeza," alisema Sukhai.

"Babu, hapa watu wana namba. Makengeza hatuandiki."

"Kule kwetu ungemuuliza hata mbuzi, angekufikisha mlangoni."

"Basi kamlete huyo mbuzi."

Tukazunguka jengo kwa jengo. Adhuhuri ikapita. Ilikuwa karibu saa nane Sukhai alipoinua macho, akaona shuka lililoanikwa kwenye roshani ya ghorofa ya sita, peke yake kati ya roshani mia.

"Kile kiraka nakijua," alisema.

Mlinzi akatuelekeza kwenye lifti ya watumishi. Tukabisha hodi, na mlango ukafunguliwa na Begum Mahtab mwenyewe, mzima, na kisu cha vitunguu mkononi.

Sukhai akakaa palepale kizingitini.

"Sukhai? Una nini wewe, umeona jini?"

Nikamweleza mimi: kanzu ya darizi, ukosi, mwanamke aliyegongwa. Begum akaushika mlango.

"Ile nyeupe? Ile nilimpa Dulari."

"Dulari yupi?" aliuliza Sukhai.

"Dulari wako. Si ananifulia kwa mikono tangu tuhamie huku? Kapanga chumba ng'ambo ya ile barabara. Nilidhani wewe ndiye uliyemtuma." Akakiweka kisu chini. "Ijumaa alilowa mvua, sari yote maji. Nikamwambia vaa hii uende nayo. Akakataa, eti dobi havai ya mteja. Nikamlazimisha. Leo siku ya tatu hajaja, nami nimekaa hapa namsema kwa uvivu."

Nikampigia Dubey, nikaifungulia simu sauti ili Sukhai asikie.

"Ameshazikwa," alisema Dubey. "Nusu saa iliyopita. Wamemsalia vizuri, watu kumi na wawili."

Sukhai akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Mfukueni, afande. Si Mwislamu. Dada yangu huyo, anangojea moto, na wa kuuwasha ni mimi."

"Kufukua mpaka hakimu aandike kibali, mzee. Na hakimu ataniuliza nani alisema azikwe, na huyo ni nani kwa marehemu."

Begum alikuwa amefunika uso kwa ushungi. Mimi nilitazama sakafu.

"Andika Sukhai," alisema mwenyewe. "Andika ndugu yake wa tumbo moja. Nguo yake niliishika mkononi, nikasoma ukosi, na sikuuliza ameivaa nani."

Tulimsikia Dubey anafungua droo, anatafuta kalamu.