Unga Niliompa Kondoo wa Kambo

Juma lililopita nilipita mbele ya lupango letu la zamani, kiwanja tulichoishi hapa Lubumbashi. Palipokuwa na zizi sasa pana depo ya simenti. Nilisimama kidogo, rafiki yangu, kisha nikaona aibu kana kwamba wale wapakiaji wa mifuko walinijua, nikaenda zangu.

Kambo, mama mzaa mama, alifuga kondoo sita. Hawakuwa na sufu kama wale wa kwenye picha za shuleni. Nywele zao zilikuwa fupi, na mgeni aliwadhani mbuzi mpaka aone mikia inaning'inia. Asubuhi nilifagia vinyesi vyao kabla ya shule, jioni nilikata majani kando ya reli. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nyuma ya ukuta aliishi mama mmoja Mwislamu, watu wake wa Maniema. Kambo alikuwa Mkasai, wa kanisani kila Jumapili, lakini walipendana. Jirani aliwatupia kondoo wetu majani ya kabichi na maganda ya maharagwe. Kila sikukuu ya kuchinja alinunua dume kwetu, na sahani ya nyama ilirudi juu ya ukuta ingali ya moto. Walipiga soga wamesimama hivyo hivyo, mpaka sombe ya kambo, mboga ya majani ya muhogo, ikaungua kwenye mbabula ya makaa.

Nilikuwa na miaka kumi kambo alipokwenda kilioni Kipushi, siku mbili. Aliniachia kondoo, hasa jike mmoja aliyekuwa amezaa mapacha. Siku ya kwanza nilicheza mpaka giza likaanza kuingia, majani sijakata. Kondoo walilia. Kwa woga nikachota unga wa mahindi wa kusongea bukari, beseni zima, nikampa yule mzazi. Alikula upesi, akalamba beseni. Nikajiona mwerevu; sikujua kwamba unga mwingi humuua kondoo.

Asubuhi tumbo lake lilikuwa limevimba, anasaga meno. Kabla ya saa sita alikufa, watoto wake wangali wanatafuta chuchu.

Kambo aliporudi hakulia.

"Ulimupa nini?"

"Majani tu, kambo."

"Na nani tena alimupa kitu?"

Niliangalia ukuta. Chini yake palikuwa na majani ya kabichi ya jana. Kambo akafuata macho yangu.

Alikwenda mlangoni kwa jirani, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia. "Weye njo ulimutupia sumu! Kondoo yangu ilikukosea nini?"

"Mama, naapa, miye sikumufanya kitu," jirani alisema. Kisha akaniangalia mimi. Nikajificha nyuma ya kitenge cha kambo.

Hawakusemezana tena. Mapacha tuliwanywesha maziwa kwa chupa, akapona mmoja, na mwishowe kambo akawauza wote. Miaka mingi baadaye alifariki akiamini kondoo wake alilishwa sumu. Jirani alikuja kilioni, akaosha sufuria pamoja na wanawake wengine, akaondoka bila kula. Hata siku hiyo nilinyamaza.

Nilipotoka pale kwenye depo nikamtafuta yule jirani. Anaishi kwa binti yake, komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Nilipiga magoti, nikamweleza yote.

"Nilijuaka," alisema. "Asubui ile nilichungulia, nikaona bunga ku mudomo ya kondoo."

"Mbona haukusema, mama?"

"Ulikuwa mutoto. Nilikuwa nangoya weye mwenyewe useme."

Kisha akauliza, "Kambo yako, mbele ya kufa, alinitajaka?"

Kumdanganya kungekuwa rahisi. "Hapana, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, akafunga upya kitambaa chake. Binti yake alituletea chai, tukanywa, pikipiki zikipita nje.

Tuliokua zamani hizo tukikutana, tunalalamika kwamba mji umebadilika, kwamba siku hizi majirani hawajuani. Wenzangu wanasema hivyo kwa uchungu, na mimi naitikia pamoja nao. Ila najua nyumba mbili ambazo mji haukuzifanya kitu. Mtoto mmoja ndiye aliyezitenganisha, na akangoja mpaka mmoja wa wale wanawake hayupo tena kusikia.