Siku Niliyompeleka Roboti Tongaren

Mpaka leo nikipita Tongaren navuta leso mpaka karibu na macho, na si kwa sababu ya vumbi. Ni aibu, tena aibu niliyojitengenezea mwenyewe nikiwa na akili timamu na nimeshiba, kwa hivyo msinionee huruma, nyinyi sikieni tu.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo hapa Kitale, juu ya duka la mbegu, na mwanafunzi wangu mmoja wa zamani akaniletea sidii yenye roboti wa kufanya biashara ya forex. Roboti huyo si mtu wa chuma (shikeni hapo, maana ndipo mambo yalipoharibikia), ni programu tu, unaiweka ndani ya kompyuta nayo inakaa ikiangalia bei za pesa za kigeni zikipanda na kushuka, inanunua na kuuza yenyewe. Mimi nilikuwa naichezesha jioni baada ya darasa, kwa akaunti ya mazoezi, pesa za kuigiza, na ilikuwa inafanya vizuri hivi kwamba nilianza kutembea mjini kama mtu anayejua siri ya serikali.

Sasa, mama mkwe wangu ni mtu wa Tongaren, mfanyabiashara wa mahindi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na tangu niolewe na mtoto wake alikuwa ananiona mimi ni mtoto wa mjini asiyejua kitu. Aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba nashika jembe kama kijiko. Kwa hivyo siku moja aliponipigia simu akaniuliza siku hizi nafanya nini, badala ya kusema nafundisha, nikasema nina roboti anayenifanyia biashara mimi nikiwa nimekaa. Akauliza kama yeye na kikundi chake wanaweza kumwona. Nikasema Jumamosi. Ni hilo tu nililosema, Jumamosi, kwa sababu siku za kazi niko darasani.

“Na huyo loboti anakula nini?” akauliza.

Nikadhani ni mzaha. Nikajibu anakula stima. Yeye hakucheka, na mimi sikujisumbua kueleza zaidi.

Nilipofika Jumamosi na begi langu la kompyuta mgongoni, nilikuta akina mama kama thelathini wamevaa sare, sufuria za kuku ziko motoni, na pale mbele, kando ya kiti cha mwenyekiti, kuna kiti kingine kizuri kimefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho huwa kinatolewa Krismasi. Nikafikiri ni changu. Nikakaa. Mama mkwe akaniinua polepole kwa mkono, akaniambia hapo ni pa mgeni. Mama mmoja alikuwa bado anachungulia barabarani, kule boda boda iliponishusha, akaniuliza kama mwenzangu amebaki nyuma.

Hapo ndipo ningesema ukweli mambo yakaisha. Lakini niliona vile mama mkwe amesimama, amevaa viatu vya kanisani, amewaambia watu wote kwamba mke wa mtoto wake ana kitu cha ajabu, na mdomo ukakataa. Nikafungua begi, nikaweka kompyuta juu ya kile kiti, juu ya kitambaa, nikasema mgeni ndiye huyu. Wakaiangalia. Mmoja akasema ni mfupi.

Nikaiwasha, na kosa la kwanza likatokea hapo hapo: hakuna mtandao. Nikazungusha modemu dirishani, wapi. Wakanieleza kwamba hapo kwao mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, ndipo watu wote huenda kupiga simu, basi tukahama, kiti, kompyuta, waya mrefu wa stima ukipitishwa dirishani, akina mama thelathini nyuma yangu kama msafara wa harusi. Huko juu jua likawa kali, kioo hakionekani, kwa hivyo wakatandaza leso juu ya vichwa vyetu tukajibana chini yake, mimi katikati, nikinusa moshi wa watu thelathini.

Mtandao ukashika. Lakini kwenye ile programu kuna kisura kidogo pembeni juu, roboti akiwa ameruhusiwa kufanya kazi kinatabasamu, asiporuhusiwa kinanuna, na siku hiyo kilikuwa kimenuna.

“Amekasirika,” mama mmoja akasema. “Si hatujamsalimia.”

Wakaanza kumwimbia, bana, wimbo wa kukaribisha wageni, na makofi juu. Mimi najua shida ni kitufe ambacho sijabonyeza, nikawa nakitafuta chini ya ule mtikisiko wote, nikakibonyeza wimbo ukifika mwisho kabisa, kisura kikatabasamu. Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata mbwa walikimbia. Nikajiona mkubwa.

Basi tukangoja roboti anunue. Hakununua. Bei zilikuwa zimesimama tuli, hazipandi, hazishuki (na mimi mwalimu mzima nikaona ni mtandao tu unachelewa). Kuna kijiprogramu cha kumlazimisha anunue papo hapo, nikakibonyeza, maandishi yakatokea chini: kosa namba 132. Nikatoa daftari langu nililonakilia namba za makosa na maana yake kule saiba, duka la mtandao wa kulipia. Nikapekua, 129 ni bei mbaya, 130 ni mipaka mibaya, 131 ni kiasi kibaya, na baada ya hapo karatasi ni nyeupe, kwa sababu dakika nilizolipia saiba ziliishia hapo.

Mtu mwenye busara angefunga kompyuta. Mimi nilitoa programu nikairudisha. Nikazima nikawasha. Nikaambia watu wote wazime simu, ati zinasumbua mawimbi, wakazima. Ikakataa. Kisha nikasikia mashine ya kusaga unga ikinguruma kwa jirani, nikapata mwanga: ni posho mill, inanyonya stima yote! Nikamwomba mama mkwe amwambie mwenyewe aizime kidogo. Mwenye mashine, mzee Barasa, akaizima kwa heshima ya mwenyekiti, halafu akaja kuona ni nini, na foleni yake yote ikaja nyuma yake, watu na debe zao za mahindi vichwani, tukawa sasa kama mia moja tumezunguka kichuguu, tunaangalia kisura kidogo kinachotabasamu na hakifanyi kitu.

Kosa namba 132. Tena. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwa masikio.

Mama mkwe wangu hajui kompyuta, lakini sokoni amefanya biashara maisha yake yote. Akainama karibu nami chini ya leso, akaniuliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie:

“Wairimu, hii soko yenu siku yake ni gani?”

Nikafungua mdomo nimjibu, ndipo nikakumbuka. Soko la forex hufungwa wikendi. Dunia nzima, na 132 maana yake ni hiyo. Mimi nilikuwa namchezesha siku za kazi tu, jioni, kwa hivyo sikuwahi kumwona Jumamosi hata mara moja, na hapo nimezimisha simu za watu na unga wa kijiji kizima kwa sababu ya duka ambalo mwenyewe hayuko.

“Jumatatu mpaka Ijumaa, Mama,” nikasema.

 Akatoka chini ya leso, akanyoosha sare yake, akatangaza kwa sauti ya mwenyekiti:

“Soko imefungwa. Twende tukule.”

 Waliocheka ni wale wa foleni, wakarudi kwa mashine wakiambiana mpaka barabarani, na mzee Barasa akakaa kwenye kile kiti cha mgeni akiwa na unga mwili mzima, akaletewa paja la kuku ambalo nadhani halikuwa lake. Mimi baada ya kula nilienda kushika magunia pale posho mill mpaka foleni ikaisha, hakuna aliyenituma, niliona tu siwezi kukaa.

Jioni mama mkwe alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba begi langu. Nikaanza kuomba msamaha, akanikata.

“Siku ingine kuja wewe tu,” akasema. “Ni wewe nilikuwa nataka waone.”

Nililia kwenye boda boda, na unga ule usoni ukawa uji.

Jumatatu roboti alifanya kazi vizuri sana, na kufikia Jumatano alikuwa amemaliza pesa zote za kuigiza, sikumwambia mtu. Nimejifunza kwamba mashine ikikataa, kabla hujazima posho mill ya mwenzako, uliza kwanza lile swali rahisi ambalo unaona aibu kuuliza. Na nimeapa, ukweni sipeleki tena kitu chenye waya. Juzi shemeji aliniomba nikija nimbebee redio, nikamwambia anunue yake.