Watatu Uwanjani Ibra

Nilipohamishiwa chuo cha kijeshi kilichoko nje kidogo ya Nizwa, nikiwa luteni wa mazoezi ya viungo, nilikuta ghala limejaa mipira ya miguu. Mpira wa kikapu ulikuwa mmoja tu, nao umepasuka. Nyuma ya karakana palikuwa na sakafu ya saruji yenye nguzo mbili na ringi zilizopinda, na madereva walikuwa wakiegesha malori yao pale. Nikamwendea mkuu wa chuo kumuomba ruhusa ya kuunda timu. Alikuwa mtu mwema, akacheka.

"Vijana wako wanajua kupiga mpira teke tu," alisema. "Lakini jaribu. Ukishindwa usije kunililia."

Mimi nilikuwa nimeucheza mchezo huu skuli, Maskati, na kabla yangu baba aliucheza Unguja katika ujana wake, pekupeku. Kwa makadeti wangu ulikuwa mchezo wa kwenye televisheni. Wa kwanza kujitokeza walikuja kwa sababu walikuwa warefu na wenzao waliwasukuma waje. Wengine walikuja ili wakwepe kusafisha mabweni, na hao hawakukaa.

Nahodha wetu alikuwa kijana wa mji wa Ibra, mfupi kuliko wote, aliyelelewa na bibi yake mzaa mama. Bibi huyo kazaliwa Unguja, na nyumbani kwake hakisemwi ila Kiswahili. Lakini cha mjukuu kilikuwa cha kuokoteza. "Sayyidi," angeniambia, maana ndivyo jeshini kwetu anavyoitwa mkubwa, "ile mpira iko wapi?" Nami nikimjibu, "Ule mpira uko wapi, mwanangu. Nao uko mkononi mwako." Tukicheka. Mbele ya wenzake tulisema Kiarabu, na hapo hapakuwa na mwana wala baba.

Tulifanya mazoezi baada ya sala ya alfajiri, kwani jua likishapanda ile saruji ilichoma hata kupitia soli za viatu. Msimu wa kwanza tulifungwa kila tulipokwenda. Tulifungwa Nizwa, tukafungwa Sur, na tuliporudi watu wa jikoni walikuwa wakituuliza, "Leo mmebeba vikapu vingapi?" Vijana waliinamisha vichwa wakala wali wao. Asubuhi yake walikuwa uwanjani.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa Ibra, dhidi ya chuo kimoja cha pale mjini. Wiki hiyo hiyo nusu ya timu ilipelekwa mazoezi ya jangwani, upande wa mji wa Adam, na katika jeshi jangwa halingoji mpira. Niliruhusiwa kuondoka na sita waliobaki. Njiani mmoja akashikwa na homa, akalala kwenye basi akitetemeka chini ya makoti ya wenzake. Tukaingia ukumbini watano, bila ya mtu wa akiba.

Bibi wa nahodha alikuwa ameshafika na binti zake, wamekaa upande wa wanawake na birika lao la kahawa. Hakuujua mchezo, lakini sauti alikuwa nayo. "Mkabe!" alipiga kelele kwa Kiswahili. "Mkabe huyo, asikuponyoke!" Nilimuona mjukuu wake akijizuia asicheke.

Nusu ya kwanza tulijitahidi. Robo ya tatu yule mrefu wetu kuliko wote, ambaye kila akimuona mpinzani anaruka alinyoosha mikono na kumgonga, akapata faulo yake ya tano na kutolewa. Akakaa kwenye benchi, kajifunika uso kwa taulo. Tukabaki wanne. Robo hiyo ilipokuwa ikimalizika, mwingine akatua juu ya mguu wa mpinzani, na kifundo kikavimba kama mkate wa bofulo. Tukambeba hadi kwenye benchi. Wakabaki watatu.

Refa akaniita. Akasema kanuni inaruhusu kuendelea maadamu hawajawa chini ya wawili. Kisha akaja kocha wa Ibra, mtu mzima mwenye adabu zake, akanishika mkono.

"Ndugu yangu, tusimamishe. Hapana aibu hapa. Wallahi mmecheza."

Nilitaka kukubali. Nilimtazama yule wa kifundo, nikawaza nikirudi na mwingine kavunjika, nitamwambia nini mkuu wa chuo? Nikawaita wale watatu. Jasho lilikuwa likiwachuruzika hadi kwenye soksi.

"Wanataka tumalize hapa," niliwaambia. "Nani kachoka?"

Wakajifuta jasho kwa fulana zao. Kisha nahodha akasema, "Sayyidi, robo moja imebaki. Tumekuja kucheza robo nne."

Kocha wa Ibra alipoyasikia hayo akataka kuwatoa wawili wake, wacheze watatu kwa watatu. Nahodha akamgeukia, kwa heshima kabisa. "Ahsante, mwalimu. Chezeni watano. Tungetaka kuhurumiwa tungebaki kambini."

Wakaingia. Nahodha akampanga mmoja chini ya ringi, asitoke pale hata iweje. Yeye na mwenzake wakasimama mbele. Waliacha pembe zote wazi, wakaziba katikati. Wenyeji wakatupa mipira kutoka pembeni, mingine ikaingia, mingine ikagonga chuma. Mpira mmoja uliporudi, yule wa chini akaurukia kati ya watu watatu, akaukumbatia kama mtoto, akampigia nahodha pasi ndefu. Nahodha alikimbia peke yake ukumbi mzima akauweka kikapuni. Wanafunzi wa Ibra walikuwa wakituzomea tangu mwanzo. Kisha mmoja akapiga makofi, wakafuatia wengine.

Baada ya hapo ilikuwa ni kuvumilia tu. Mmoja wa wale watatu wetu alitoka pembeni akatapika, akasukutua mdomo, akarudi. Nahodha aliishiwa pumzi hata za kusema, akawa anaelekeza kwa vidole. Mimi nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Kipenga kilipolia walikuwa wamefungwa vibaya, na hakuna aliyetazama ubao wa matokeo. Walijipanga mstari wakapeana mikono na wenyeji, kisha wakakaa sakafuni.

Nikaenda upande wa pili kumuamkia bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wao?"

"Mimi, bibi."

"Basi mbona umewaleta pungufu? Shughuli haiendewi na nusu ya watu." Akanitazama, akatikisa kichwa. "Lakini sikumuona aliyekimbia." Akamwambia binti yake anipe mfuko uliojaa sambusa na mkate wa kumimina, tukaumaliza wote kabla basi halijatoka Ibra.

Kesho yake ilikuwa mapumziko. Baada ya sala nilipita nyuma ya karakana kutazama tu, sikutaraji mtu. Walikuwapo wale watatu, wanatembea kama wazee, magoti hayakunjiki. Na mrefu wetu alikuwapo. Alikuwa amefungwa mikono kwa nyuma kwa kilemba chake mwenyewe, na nahodha anamjia na mpira, huku na huku.

"Mnafanya nini?" niliuliza.

"Namfunza kukaba kwa miguu, sayyidi," alisema nahodha. "Mikono yake ndiyo iliyotutia hasara."

Mrefu akapanua miguu akamngoja. Alipitwa, akarudi mahali pake. Akapitwa tena, akarudi. Aliendelea hivyo asubuhi ile, na asubuhi nyingi baada ya ile. Wenzao waliporudi kutoka jangwani walikuwa wamekwisha kusikia habari, na msimu wa pili waliotaka kujiunga walizidi viatu tulivyokuwa navyo. Mkuu wa chuo akaamuru malori yahamishwe. Mistari ya uwanja tuliichora wenyewe. Sasa timu ina ukumbi wenye kiyoyozi, na makadeti wa leo hawaamini nikiwaonesha pale tulipoanzia.

Ushindi wa kwanza tuliupata Sur, msimu ule wa pili. Mrefu alicheza robo zote nne. Mara tatu nzima nilimuona ananyanyua mikono, anakumbuka, anaishusha na kusogeza miguu. Tulishinda kwa kikapu kimoja. Nilidhani watarukaruka, lakini walipeana mikono na wenyeji wakaenda kubadili nguo. Niliwakuta wamekaa, wanatabasamu kila mtu peke yake.

Nahodha alikuwa akifungua kamba za viatu.

"Sayyidi, wiki ijayo tunacheza na nani?"

"Na Nizwa."

"Wazito?"

"Wazito khasa."

"Basi kesho tufanye mazoezi ya kurudi nyuma kukaba," alisema, akavua kiatu. "Leo tulikuwa tunachelewa."